Msongamano wa watu: ugawe kwa eneo lipi? Vipimo vinne kando kwa kando

Mkoa wa Lindi una watu 18 katika kila kilomita ya mraba. Dar es Salaam ina karibu 3,865. Namba zote mbili zinatokana na Sensa ya mwaka 2022 na zote ni sahihi: watu 1,194,028 wa Lindi wamegawanywa kwa kilomita za mraba 66,046, na watu 5,383,728 wa Dar es Salaam wamegawanywa kwa kilomita za mraba 1,393. Tatizo huanza pale mtu anapozichukua namba hizo na kutangaza kwamba Lindi kuna nafasi tele, watu wahamie huko wakalime. Hapo ndipo anapotakiwa kuulizwa: umegawa kwa eneo lipi?

Msongamano wa watu ni miongoni mwa dhana za mwanzo anazokutana nazo mwanafunzi wa jiografia ya binadamu, na nadhani ndiyo inayotumiwa ovyo kuliko zote. Vipo vipimo vinne vinavyopatikana kwa hesabu nyepesi za kugawanya. Vyote huitwa msongamano, lakini kila kimoja kinajibu swali lake. Ninaviweka kando kwa kando hapa kwa ajili ya mwanafunzi anayeandika ripoti ya utafiti, ofisa mtendaji anayeandaa mpango wa kijiji au kata, na mwandishi wa habari anayetafuta namba moja ya kuweka kwenye habari yake. Ninao msimamo wangu pia, hasa kuhusu ardhi ya wafugaji, na nitausema waziwazi.

Watu wote kwa eneo lote

Hiki ndicho kipimo cha kawaida, kile kinachochapishwa kwenye majedwali ya sensa. Unachukua idadi ya watu wote, unaigawa kwa eneo lote. Uzuri wake ni kwamba takwimu zake zinapatikana kila mahali, kuanzia nchi nzima hadi kata, na unaweza kulinganisha mwaka na mwaka. Mwaka 2012 Lindi ilikuwa na watu 13 kwa kilomita ya mraba. Miaka kumi baadaye ni 18. Dar es Salaam ilikuwa na 3,133. Kama swali lako ni kasi ya ongezeko, au unataka kujua mkoa upi unauzidi upi kwa wingi wa watu, kipimo hiki kinatosha na hakuna haja ya kujitafutia kazi zaidi.

Lakini hata hapa kuna mtego wa kwanza: maji. Eneo la Tanzania ukijumlisha na maji ya maziwa ni takriban kilomita za mraba 947,300. Nchi kavu peke yake ni takriban 885,800. Ukiwagawa watu 61,741,120 wa Sensa ya 2022 kwa eneo la kwanza unapata 65. Ukiwagawa kwa la pili unapata 70. Tofauti ya watu watano si kubwa kwa nchi nzima. Shuka sasa hadi Ukerewe. Wilaya hiyo ya visiwani ina eneo la takriban kilomita za mraba 6,400, na kati ya hizo nchi kavu ni 640 tu. Zilizobaki zote ni Ziwa Victoria. Sensa ya 2012 iliwakuta huko watu 345,147. Ukigawa kwa eneo lote unapata watu 54, wilaya inayoonekana pweke kabisa. Ukigawa kwa nchi kavu unapata 539, zaidi ya msongamano wa Rwanda. Ni watu walewale na visiwa vilevile, na anayesoma jawabu bila kuambiwa limepatikanaje hawezi kujua ameshika lipi.

Mtego wa pili ni ardhi iliyozuiwa. Mfano ninaoupenda ni wa Nairobi. Katika Sensa ya Kenya ya 2019, kaunti nzima ilikuwa na watu 4,397,073, sawa na 6,247 kwa kilomita ya mraba. Ndani ya kaunti hiyohiyo, kaunti ndogo ya Mathare ilikuwa na karibu watu 69,000 kwa kilomita ya mraba, na Lang'ata 911. Msomaji asiyeijua Nairobi ataona 911 na kudhani Lang'ata ni mashambani. Hajaambiwa kwamba ndani ya eneo hilo imo Mbuga ya Taifa ya Nairobi, yenye kilomita za mraba 117, ambamo wanaishi simba na vifaru. Ukiiondoa mbuga kwenye hesabu, jawabu linapanda takriban mara mbili. Bado halifiki popote karibu na Mathare, lakini sasa angalau unazungumzia mahali ambapo watu wanaishi.

Zipo sehemu ambazo kipimo hiki cha kawaida kinakaribia kusema kweli tupu. Kaunti ya Vihiga, magharibi mwa Kenya, ilikuwa na watu 590,013 mwaka 2019, sawa na 1,047 kwa kilomita ya mraba. Ni msongamano unaokaribia ule wa Bangladesh, na Vihiga si jiji. Ni migomba, mahindi, chai na boma moja linaloonana na la jirani. Ukiacha vilima vya mawe na msitu wa Kibiri, ardhi karibu yote inakaliwa na kulimwa, kwa hiyo wastani hauna pa kujificha. Ndiyo maana Wamaragoli walianza zamani kutafuta ardhi mbali, wengine wakavuka hadi Kigumba nchini Uganda tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa Vihiga, namba ya kawaida na maisha ya watu vinaelekea upande mmoja. Kwa Lindi, haviendi pamoja.

Watu wote kwa ardhi inayolimika

Kipimo cha pili kinabakiza idadi ya watu ileile, ila kinabadili eneo: unagawa kwa ardhi inayolimika peke yake. Swali lake ni moja: kila kipande cha ardhi ya mazao kinabeba midomo mingapi?

Misri ndiyo mfano wa vitabu vyote, na una haki ya kuwa hivyo. Sensa yao ya 2017 ilihesabu watu 94,798,827 ndani ya nchi yenye takriban kilomita za mraba milioni moja. Kwa kipimo cha kawaida hao ni watu 95, chini sana ya Rwanda. Lakini Wamisri wengi mno wanaishi kwenye bonde la Mto Nile na delta yake, na ardhi yao ya mazao haizidi sana kilomita za mraba 40,000. Ukigawa kwa hiyo unakaribia watu 2,400 kwa kilomita ya mraba. Namba ya kwanza haiwezi kukueleza kwa nini Cairo inanunua ngano nyingi nje ya nchi, wala kwa nini kila habari ya bwawa linalojengwa juu ya Nile inawaondolea usingizi. Ya pili inakueleza.

Turudi Lindi. Wilaya ya Liwale imeingia kwa sehemu kubwa ndani ya ardhi ya hifadhi: pori la akiba la Selous, ambalo mwaka 2019 sehemu yake kubwa iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Huko hakuna ruhusa ya kupiga jembe. Na utupu wa Liwale una historia. Nchi hiyo ilipitiwa na Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata, kisha katika miaka ya 1940 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu kwa hoja ya ugonjwa wa malale, na pori likapanuliwa juu ya mahame yao. Kwa hiyo anayeziona zile kilomita za mraba 66,046 na kuzigawa zote kwa watu anahesabu pia ardhi ambayo wenyewe waliondolewa. Mkulima wa Lindi halimi kwenye eneo la sensa. Analima kwenye kile kilichobaki.

Udhaifu wa kipimo hiki uko kwenye neno lenyewe, inayolimika. Ni ardhi inayofaa kulimwa au inayolimwa sasa hivi? Serikali ya Tanzania imekuwa ikitaja hekta milioni 44 kuwa ndizo zinazofaa kwa kilimo. Ukizitumia hizo, nchi nzima ina watu wapatao 140 kwa kilomita ya mraba ya ardhi hiyo. Lakini zinazolimwa kweli kila mwaka ni sehemu tu ya hizo, na ukizigawia hizo peke yake jawabu linapanda mara kadhaa. Waziri anayetaka kuvuta wawekezaji atachukua la kwanza. Mtetezi wa wakulima wadogo atachukua la pili. Wote wawili wataliita msongamano kwa ardhi inayolimika, na hakuna atakayekuwa amedanganya. Ukitumia kipimo hiki, andika palepale umechukua ardhi ipi.

Pia kipimo hiki kinadhani kila mtu anakula kutoka ardhini. Nenda Mkoa wa Kusini Unguja. Sensa ya 2022 ilihesabu huko watu 195,873 kwenye kilomita za mraba 854, yaani 229, na hiyo ni ndogo ukilinganisha na Zanzibar nzima yenye takriban 768. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni mawe ya matumbawe ambayo mkulima anatafuta udongo mifukoni mwa miamba. Ukigawa kwa udongo wa maana, namba itakutisha. Lakini Paje na Jambiani watu wanaishi pia kwa bahari: ngalawa, pweza, na mwani ambao wanawake wameulima kwenye maji mafupi tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na sasa hoteli za watalii. Shamba la mwani halimo kwenye hekta za ardhi inayolimika. Kwa vijiji vya wavuvi sikishauri kipimo hiki hata kidogo, kama nisivyokishauri kwa Singapore, ambako ardhi ya kilimo ni ndogo kiasi kwamba jawabu linakuwa kubwa mno na halina maana yoyote.

Wakulima kwa ardhi inayolimika

Cha tatu kinabadili na watu pia. Badala ya watu wote unachukua wanaolima tu, unawagawa kwa ardhi inayolimika. Wanafunzi wengi hukiruka kwa sababu kinafanana na cha pili, ilhali ndicho kinachotenganisha nchi tajiri na maskini kuliko vyote.

Chukua Rwanda na Uholanzi. Sensa ya Rwanda ya 2022 ilihesabu watu 13,246,394 kwenye kilomita za mraba 26,338, yaani 503. Uholanzi mwaka huohuo ilikuwa na watu wapatao milioni 17.6 kwenye nchi kavu ya takriban kilomita za mraba 33,500, yaani 525. Kwa kipimo cha kawaida nchi hizi ni ndugu.

Kwa kipimo cha pili Uholanzi ndiyo inayoonekana kuelemewa. Ardhi yake ya mazao, ukiacha malisho, ni takriban kilomita za mraba 10,000, kwa hiyo kila moja inabeba watu zaidi ya 1,700. Rwanda ina takriban 14,000, na kila moja inabeba watu karibu 950. Ungekuwa na vipimo viwili tu ungemhurumia Mholanzi.

Sasa hesabu wakulima. Wanaofanya kazi mashambani Uholanzi hawafiki laki tatu, kwa hiyo hawafiki 30 kwa kila kilomita ya mraba ya mazao. Rwanda, ambako kilimo bado ndicho kazi ya watu wengi kuliko kazi nyingine yoyote, hata ukikadiria kwa uchache kwamba ni watu milioni mbili tu wanaoshika jembe, unapata zaidi ya 140. Hapo ndipo sura ya kweli inatokea. Yule Mholanzi mmoja ana trekta, ana mbolea, ana nyumba za vioo, ana benki inayomkopesha, na nchi yake inauza vyakula na maua dunia nzima na kununua nafaka inayopungua. Mnyarwanda ana matuta kwenye mteremko, kipande kilichogawanywa kwa ndugu, na mtoto anayemaliza shule bila kujua atarithi nini. Msongamano wa kawaida unaofanana umewaficha watu wawili wenye hali tofauti kabisa.

Ugumu wake ni kujua mkulima ni nani. Sensa inauliza kazi kuu, na mtu anajibu moja. Mama anayeuza vitumbua asubuhi na kupalilia mihogo jioni atajibu nini? Dereva wa bodaboda mwenye ekari ya mpunga kwa baba yake? Huku kwetu mwenye kazi moja tu ni nadra. Kwa hiyo kipimo hiki ni kizuri sana kwa kulinganisha nchi na nchi, kizuri kiasi kwa mikoa, na kwa kijiji kimoja usikiamini mpaka umepita kaya kwa kaya mwenyewe.

Msongamano anaoishi nao mtu

Cha nne hakimo katika vitabu vingi vya sekondari, na ni hasara. Chenyewe hakiulizi ardhi imebeba watu wangapi. Kinauliza mtu wa kawaida amezungukwa na watu wangapi.

Tuseme kata ina mitaa miwili. Mmoja una watu 9,000 kwenye kilomita moja ya mraba. Mwingine una watu 1,000 kwenye kilomita tisa, mashamba na viwanja vikubwa vyenye uzio. Kata nzima ni watu 10,000 kwenye kilomita kumi, kwa hiyo kipimo cha kawaida kinasema 1,000. Lakini tisa kati ya kila wakazi kumi wa kata hiyo wanaamka kila siku kwenye msongamano wa 9,000, na hakuna hata mmoja anayeishi kwenye 1,000. Namna ya kulirekebisha ni kuupa kila mtaa uzito kwa wingi wa watu wake: zidisha msongamano wa kila mtaa kwa watu wake, jumlisha, kisha gawa kwa watu wote wa kata. Kwa mfano huu unapata takriban 8,100.

Ofisa anayepanga matundu ya vyoo, vizimba vya maji, njia ya gari la taka au nafasi ya gari la zimamoto kupita ahesabu kwa 8,100. Kipindupindu kikiingia kitafuata 8,100. Bajeti iliyogawiwa kwa wastani wa 1,000 itapeleka huduma kidogo kule zinakohitajika na nyingi kule zisikohitajika sana, na hilo litafanyika bila mtu yeyote kukusudia ubaya.

Kipimo hiki kinasaidia hata vijijini pale watu wanapojibana sehemu moja. Mkoa wa Kilimanjaro kwa Sensa ya 2022 una watu 1,861,934 kwenye kilomita za mraba 13,250, yaani karibu 140. Ukisimama kwenye kihamba cha Marangu au Kibosho, migomba na kahawa vikiwa vimekuzunguka na nyumba ya jirani ukiiona kati ya majani, 140 haikuambii chochote. Ndani ya mkoa kuna kilele na msitu wa hifadhi ambako hakai mtu, kuna tambarare kavu za chini zenye watu wachache, na katikati kuna mkanda wa vihamba ambako ardhi imekatwa tangu enzi za mababu mpaka haikatiki tena. Watu wa Kilimanjaro wengi wanaishi kwenye mkanda huo au wameukimbia kwenda mijini, na sababu ni msongamano ambao wastani wa mkoa hauuoni.

Kasoro yake ni kwamba unahitaji takwimu za ngazi ndogo, mtaa kwa mtaa au kitongoji kwa kitongoji, na hizo si kila ofisi inazo. Ukizikosa kabisa, angalia watu kwa chumba. Shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, UN-Habitat, huchukulia kwamba zaidi ya watu watatu kwenye chumba kimoja ni kubanana. Kwa mitaa ya nyumba za kupanga hesabu hiyo unaweza kuifanya kwa daftari na kalamu.

Pale vyote vinne vinapokosea

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo.

Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, ilikuwa na watu 459,785 mwaka 2019. Msongamano wa kawaida: watu 6. Ukigawa kwa ardhi inayolimika unapata namba kubwa isiyo na maana, kwa sababu ardhi ya kulima iko zaidi kwenye mlima Marsabit na sehemu chache nyingine. Wakulima ni wachache. Na mtu wa kawaida anaishi na majirani wangapi, inategemea umemuuliza mwezi gani.

Warendille, Wagabra na Waborana wana utaratibu wa fora. Majira ya ukame vijana wanaondoka na sehemu kubwa ya mifugo kwenda malisho ya mbali, na nyumbani wanabaki wazee, watoto na wanyama wachache wa maziwa. Mvua zikinyesha wanarejea. Malisho yale ya mbali hayana mtu miezi mingi ya mwaka, na hiyo ndiyo sababu yanaweza kuwapokea wakati wa shida. Yangekuwa na watu mwaka mzima, majani yasingekuwepo siku yanapohitajika. Utupu wake ni matumizi yake.

Sasa, Sensa ya Kenya ya 2019 ilihesabu watu kwa usiku wa Agosti 24, na ya Tanzania ya 2022 kwa usiku wa kuamkia Agosti 23. Ni kiangazi sehemu nyingi za wafugaji. Msongamano wowote unaotokana na sensa ni picha ya usiku huo. Kwa Vihiga picha hiyo inafanana na Januari na Mei. Kwa wafugaji haifanani, na mtafiti mwaminifu lazima aandike hivyo.

Neno "ardhi tupu" lina madhara tunayoyajua. Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe wa Wamaasai kwa wingi wa kutisha, na ndui na njaa vikawaandama watu wenyewe. Walowezi wa Kizungu walipofika muda mfupi baadaye waliona Bonde la Ufa lenye watu wachache wakaliita tupu. Mkataba wa 1904 uliwaondoa Wamaasai kwenye sehemu kubwa ya bonde na kuwapeleka Laikipia na kusini. Ule wa 1911 ukawaondoa na Laikipia. Kipimo cha watu kwa eneo, kikichukuliwa katika saa mbaya kuliko zote za jamii, kiligeuzwa kuwa hoja ya kuwanyang'anya.

Wala hayo hayajaisha. Tanzania ina sheria mbili za ardhi za mwaka 1999. Sheria ya Ardhi Na. 4 inapotafsiri ardhi ya jumla inaingiza humo pia ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 haina maneno hayo. Mwanya huo umejadiliwa na wanasheria kwa miaka, na kwa kijiji cha wafugaji si mjadala wa darasani: malisho ya akiba, ngitili ya Msukuma inayofungwa msimu mzima ili majani yakue, yanaweza kusomwa kama ardhi isiyotumiwa na mtu aliyekaa ofisini na namba moja mkononi. Kwa hiyo ninapoona ripoti ya mradi imeandika kwamba eneo lina watu wachache na hivyo linafaa kwa uwekezaji, bila neno hata moja kuhusu njia za mifugo na visima, naona imekwepa swali lililokuwa kazi yake kulijibu.

Kwa ardhi ya namna hii pima mifugo kwa malisho, kaya kwa kisima, na umbali wa kwenda maji majira ya kiangazi. Si vipimo vya kwenye silabasi, lakini ndivyo vinavyojibu kama watu wamebanana au la.

Chukua kipi?

Mwanafunzi anayelinganisha mikoa au nchi kwa wingi wa watu na ongezeko lake, chukua cha kawaida, ila sema umegawa kwa nchi kavu au kwa eneo lote. Kama mada yako ni chakula, chukua cha pili, na kitumie pamoja na cha tatu; kimoja bila kingine kitakufanya umwone Mholanzi kama maskini. Usichanganye namba za vipimo tofauti kwenye jedwali moja. Nimeona ripoti ambazo nchi moja imepewa watu kwa eneo lote na jirani yake watu kwa ardhi inayolimika, na mwandishi akahitimisha kwamba wa pili amejaa zaidi.

Mwandishi wa habari, kama una nafasi ya namba moja tu na habari yako ni ya mjini, tafuta cha nne au taja mtaa wenyewe. Wastani wa jiji zima haumwambii msomaji wa Mathare wala wa Lang'ata kitu kuhusu maisha yake.

Ofisa wa kata ya mjini, cha nne, na watu kwa chumba. Vingine waachie wa makao makuu.

Ofisa wa kijiji ndiye mwenye kazi kubwa zaidi, maana karatasi yake ndiyo itakayosomwa na watu wasiowahi kufika pale. Katika mpango wa matumizi ya ardhi usianze na msongamano. Anza na eneo lote la kijiji, kisha ardhi ya mazao, kisha malisho pamoja na yale ya akiba na miezi yanapofungwa na kufunguliwa, kisha misitu, vyanzo vya maji na njia za mifugo, kila kimoja na hekta zake kama mkutano mkuu wa kijiji ulivyokubaliana. Namba ya watu kwa kilomita ya mraba iandikwe baada ya hapo, na mbele yake uandike ni kwa ardhi ipi na kwa mwezi gani.